Maswali ya Wasomaji: Sungura, Fisi na Wenzao katika Katuni na Hadithi za Watoto

Barua za safari hii karibu zote zimehusu wanyama wanaosema: wale wa hadithi za jioni na wale wa filamu fupi za katuni ambazo siku hizi watoto huzitazama kwenye simu za wazazi wao. Tumezifupisha barua zenyewe, lakini maswali tumeyaacha yalivyo.

Nafundisha darasa la pili, na kila Ijumaa kipindi cha mwisho huwasimulia watoto hadithi za Sungura. Mzazi mmoja amenijia akilalamika kwamba ninawafundisha watoto udanganyifu, kwa kuwa Sungura huiba, husema uongo na mwishowe huenda zake akicheka. Je, nizibadilishe hadithi hizo au niziache kabisa? — Mwalimu, Mombasa

Mwalimu, usiziache, wala usizibadilishe hadi Sungura akawa mtoto mwema anayeamkia wazee na kuosha vyombo bila kutumwa, kwa maana huyo hatakuwa Sungura tena na wanafunzi wako watakuwa wa kwanza kuligundua hilo. Hata hivyo mzazi huyo hakukosa hoja, na anastahili jibu la heshima.

Sungura wa hadithi zetu ni mdogo kuliko karibu kila anayekutana naye. Hana pembe, hana makucha ya kutisha, hana uzito wa Tembo wala meno ya Simba. Alicho nacho ni masikio marefu, miguu ya nyuma yenye mbio, na akili. Mtoto wa miaka saba, ambaye kila mtu nyumbani ni mkubwa kuliko yeye na kila mtu ana haki ya kumtuma dukani, humwelewa Sungura papo hapo bila kufafanuliwa. Anachokifurahia si uongo wenyewe bali ni kuona kwamba aliye mdogo anaweza kuponyoka. Zaidi ya hayo, ukizichunguza hadithi hizo utaona kwamba anayedanganywa mara nyingi ni mwenye nguvu aliyekwisha kuonyesha nia ya kudhulumu.

Mara nyingi, lakini si mara zote. Chukua hadithi ya kisima, ambayo husimuliwa kwa namna mbalimbali katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Kumeingia ukame, wanyama wanachimba kisima, Sungura anakataa kushika jembe, kisha usiku anakwenda kuyaiba maji ambayo hakuyatolea jasho. Wanawekwa walinzi wakubwa, naye anawalaghai mmoja baada ya mwingine. Mwishowe Kobe anajitolea: anapakwa ulimbo mgongoni na kujilaza kimya majini, na Sungura, akidhani ni jiwe, anamkanyaga apate pa kusimama. Mguu unanasa. Anapiga teke kwa mguu wa pili, nao unanasa. Anatumia mikono, nayo yale yale. Ijumaa moja wasimulie hiyo, Ijumaa inayofuata wasimulie ile ambamo Sungura anamponyoka Simba, kisha waulize ni wapi alikuwa akijitetea na ni wapi alikuwa mwizi tu. Watabishana mpaka kengele ilie, na mabishano hayo ndiyo somo ambalo mzazi yule anadhani halipo.

Kama mzazi bado ana wasiwasi, mwombe alinganishe na katuni ambazo huenda mwanawe anazitazama nyumbani. Tom na Jerry, paka na panya walioanzishwa na William Hanna na Joseph Barbera mwaka 1940, walishinda tuzo saba za Oscar kwa filamu zao fupi, na kwa kweli ustadi wa kuzichora ni wa hali ya juu. Nazo pia ni hadithi za mdogo kumshinda mkubwa. Lakini paka anapondwa na piano, na katika onyesho linalofuata yuko mzima kabisa, hana hata kovu. Katika hadithi ya kisima, maji yakiibwa yamekwisha na wenye kiu wamebaki na kiu yao. Binafsi naona Sungura wetu ana adabu zaidi kuliko anavyodhaniwa.

Shikamoo. Mimi nina miaka kumi. Kwa nini kwenye hadithi na katuni Fisi huwa mjinga na mlafi? Baba anasema fisi wa kweli ni hodari. — Msomaji mdogo, Dodoma

Marahaba, mwanangu. Baba yako amesema kweli. Miaka ya 1960 mtaalamu wa wanyama, Hans Kruuk, aliwafuatilia fisi madoa katika Serengeti na Ngorongoro, hata usiku, wakati ambapo watu wengi wamelala, na mwaka 1972 alichapisha kitabu kuhusu aliyoyaona. Aligundua kwamba fisi hao huwinda wenyewe kwa kushirikiana, na kwamba kule Ngorongoro mara nyingi simba ndio waliowanyang'anya fisi nyama. Watu walipofika asubuhi walimkuta simba anakula na fisi wamekaa pembeni wakisubiri, wakaamua kwamba simba ndiye aliyewinda na fisi ni mdokozi. Kesi iliamuliwa bila shahidi kuulizwa.

Jambo lingine litakalokufurahisha ni kwamba katika ukoo wa fisi madoa majike ndiyo watawala. Jike ni mkubwa kuliko dume, na watoto wake hurithi cheo chake. Lakini Fisi wa hadithi zetu kwa kawaida ni dume, tena baba asiye na akili, anayeacha familia na njaa ili akale karamuni peke yake.

Sasa, kwa nini wazee walimchagua yeye awe mlafi? Walimtazama. Miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo hata akisimama huonekana kama anataka kukaa. Hutoa sauti inayofanana na kicheko, ingawa si kicheko; hutoa sauti hiyo akiwa na mhemko au akinyenyekea kwa mwenzake. Tena hutafuna hata mifupa, na kwa sababu ya chokaa ya mifupa hiyo kinyesi chake kikikauka huwa cheupe. Mnyama anayekula mpaka mifupa, ukitafuta mlafi wa hadithi, utamwacha umchukue nani? Ndiyo maana akapewa kile kisa cha kufika njia panda, akanusa karamu kulia na karamu kushoto, akataka kwenda kote kuwili kwa wakati mmoja hadi akapasuka.

Ukipenda, tuchoree katuni ya kurasa mbili ambamo Fisi ni jike, kiongozi wa ukoo, na Simba ndiye mdokozi. Tutafurahi kuiona.

Mjukuu wangu ametazama katuni ya kigeni yenye kisa kilekile cha kima na papa tulichosimuliwa utotoni hapa Unguja, ila humo papa amekuwa mamba. Je, wageni wametuibia hadithi yetu? — Babu, Zanzibar

Shikamoo babu. Hapana wizi, ila kuna safari ndefu ya baharini, na kwa mtu wa Unguja hilo si jambo la ajabu.

Kisa cha kima aliyechukuliwa baharini mgongoni mwa rafiki yake, akaambiwa katikati ya safari kwamba moyo wake unatakiwa uwe dawa, naye akasema kwamba moyo ameuacha mtini, kimo katika Panchatantra, mkusanyo wa kale wa hadithi za wanyama kutoka Bara Hindi. Huko rafiki ni mamba na anayeutaka moyo ni mkewe. Mkusanyo huo ulipita Uajemi, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akautia katika Kiarabu kwa jina la Kalila na Dimna. Humo mamba akageuka kasa, na mti wa kima ukawa mtini wenye tini anazozidondosha majini. Ilipofika Unguja, kasa naye akawa papa, mti ukawa mkuyu uliomea ukingoni mwa bahari, na mgonjwa akawa sultani wa huko baharini. Askofu Edward Steere aliandika kisa hicho kwa Kiswahili kama alivyokisikia Zanzibar, akakichapisha London mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine.

Kwa hiyo katuni aliyoitazama mjukuu wako yumkini imefuata tawi la Kihindi, na wewe ulisimuliwa tawi la Unguja. Ninachotaka ukitazame babu ni jinsi mabadiliko yale yalivyofanywa na watu waliojua kazi yao. Msimulizi wa pwani hakumbakiza mamba, kwa kuwa mamba ni wa mtoni na hadithi yenyewe inataka kilindi kisicho na pa kukimbilia. Kadhalika katika kisa cha ndani, kile cha punda wa dobi ambacho kima anamsimulia papa baada ya kuokoka ili amweleze kwa nini hashuki tena, Kalila na Dimna ina mbweha anayemhadaa punda mara mbili mpaka simba akamla. Unguja kazi hiyo akapewa Sungura. Ni Sungura anayekula moyo na masikio ya punda kwa siri, na simba alipouliza viko wapi, akajibu kwamba punda huyo tangu hapo hakuwa navyo, maana angalikuwa navyo asingalirudi mara ya pili. Sidhani kuna mnyama mwingine katika pwani hii ambaye jibu hilo lingemkaa mdomoni vizuri zaidi.

Mwite mjukuu, msimulie ya kwako, kisha muulize ipi ni nzuri zaidi.

Mwanangu ana miaka mitatu na nusu. Mimi nashona nyumbani, na nikimpa simu yenye katuni za wanyama hutulia mchana kutwa. Ni muda gani unafaa, na nichague zipi? — Mama, Tanga

Mama, mchana kutwa ni mwingi mno. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku mbele ya skrini, na ikipungua hapo ni bora zaidi. Aliye chini ya miaka miwili hashauriwi kutazama kabisa. Tunajua kwamba mwenye kushona ana wateja wanaosubiri, kwa hiyo hatukuambii uache kazi. Igawe saa hiyo mara mbili au tatu, uitumie wakati unaohitaji utulivu zaidi, kama unapokata kitambaa cha mteja.

Katika kuchagua, zima kwanza ile mipangilio inayoleta katuni nyingine yenyewe moja inapokwisha, kwa sababu hapo anayechagua si wewe tena. Tafuta zenye Kiswahili ambacho mtoto atakitumia; za Ubongo, zinazotengenezwa Dar es Salaam na zilizoanza kuonyeshwa kwenye televisheni mwaka 2014, ni mahali pazuri pa kuanzia, na mojawapo yao, Akili and Me, imekusudiwa watoto wa umri wa mwanao. Tazama moja nzima wewe mwenyewe kabla ya kumpa. Ikiwa picha zinabadilika upesi kiasi kwamba wewe mtu mzima huwezi kueleza nani alifanya nini, mwanao naye hakuambulia kitu. Ametulia kwa sababu amepumbazwa. Ikiisha, muulize: tembo alikuwa anakwenda wapi? Nani alimsaidia? Akijibu, ilikuwa hadithi.

Jioni, taa zikiwashwa, mwambie "Paukwa!" umngoje aseme "Pakawa!" Skrini haimngoji mtoto ajibu.

Je, sisi wa Kongo tunazo filamu fupi za katuni zilizotengenezwa na watu wetu kutokana na hadithi zetu, au tutazame za wageni tu? — Msomaji, Bukavu

Zipo, ingawa ni nadra kuonyeshwa. Itafute ya Jean-Michel Kibushi, *Le Crapaud chez ses beaux-parents* ya mwaka 1991, kuhusu chura anayekwenda ukweni, iliyotokana na ngano ya Watetela, mojawapo ya makabila ya Kongo. Na nje ya Kongo, mtafute Moustapha Alassane wa Niger, ambaye mwaka 1966 alitengeneza *Bon voyage, Sim*, filamu fupi ya kuchora ambamo rais wa nchi ya vyura anakwenda ziara ya kiserikali kwa jirani. Kila mtu mzima aliyewahi kusimamishwa barabarani kupungia msafara ataicheka kuliko watoto.

Nimemaliza kidato cha nne, najua kuchora, na kifaa nilicho nacho ni simu tu. Nataka kutengeneza filamu fupi ya Sungura na Fisi. Nianzie wapi, na nitahitaji picha ngapi? — Kijana, Morogoro

Ndugu yangu, simu inatosha. Mwaka 1910 hivi, Ladislas Starewicz, aliyekuwa akifanya kazi katika jumba la makumbusho huko Kaunas, Lithuania, alitaka kupiga filamu ya mbawakavu wawili wakipigana, lakini kila taa zilipowashwa wadudu hao walizubaa. Akachukua waliokufa, akawafunga miguu ya waya kwa nta, akawasogeza kidogo kidogo huku akipiga picha moja moja. Mwaka 1912 alitoa filamu nzima ya wadudu wenye wivu wa mapenzi, na watazamaji wake wengine waliamini kwamba wadudu hao wamefundishwa.

Nawe tumia njia hiyo hiyo, ila badala ya wadudu kata vipande vya karatasi. Filamu ya sinema hupita picha 24 kwa sekunde, lakini wachoraji wengi wa katuni huishikilia kila picha kwa fremu mbili, yaani nafasi mbili kati ya hizo 24, hivyo picha 12 kwa sekunde zinakutosha. Dakika moja basi ni picha 720. Usianze na dakika kumi. Anza na dakika moja na nusu, picha 1,080, nazo zitakuchukua siku nyingi za kuinama mezani.

Kabla ya kukata karatasi yoyote, rekodi sauti. Wanaoanza wengi hufanya kinyume, wakajikuta mdomo wa Fisi umekwisha kufunga na maneno bado yanaendelea. Ukiwa na sauti mkononi unaweza kuhesabu: neno hili ni nusu sekunde, basi ni picha sita. Mpe bibi au jirani anayejua kusimulia sauti ya Fisi, si rafiki anayeiga sauti za katuni za runinga.

Kisha wachore wanyama wako kwenye karatasi ya manila, kwa upande, kila kiungo peke yake: kichwa, kiwiliwili, miguu, masikio. Viungo vikutanishe kwa uzi uliofungwa fundo nyuma ili vizunguke. Hapa ndipo kazi yako itakapopona au kufa, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo. Katuni mbaya ya wanyama ni ile ambamo ukiwavua vichwa wote ni watu walewale, wanatembea kwa miguu miwili mwendo mmoja. Sungura hatembei, huruka. Miguu ya nyuma hutangulia mbele ya ile ya mbele anapotua, na masikio huchelewa picha mbili tatu nyuma ya kichwa. Fisi ana mgongo unaoteremka, na kichwa chake hukiinamisha. Wakisimama pamoja bila kusema neno, mtazamaji ajue tayari nani atamdanganya nani. Studio ya Disney, ilipokuwa ikitayarisha *Bambi*, katuni ya mtoto wa paa iliyotoka mwaka 1942, ilileta watoto wa paa hai ili wachoraji wawatazame. Wewe uko Morogoro, una mbuzi, kuku na mijusi uani, na hifadhi ya wanyama ya Mikumi haiko mbali.

Katika kupaka rangi, jifunze kwa mchoraji Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuuza picha zake Dar es Salaam mwaka 1968 akitumia rangi za mafuta zinazong'aa. Wanyama wake wana mstari wa nje ulio wazi, macho makubwa na mandhari isiyojazana, na hayo yote yanafaa sana kwa vipande vya karatasi. Studio ya Homeboyz ya Nairobi ilishiriki kutengeneza mfululizo wa katuni za *Tinga Tinga Tales*, ulioanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010, kwa kufuata mtindo huo huo. Jifunze mtindo, usinakili wanyama wao.

Sasa mezani. Simu iwe juu ikitazama chini, imefungwa imara kwenye kitu kisichotikisika, na ukaibonyeze kwa waya wa spika za masikioni wenye kitufe ili usiiguse. Funga madirisha ufanye kazi usiku kwa balbu mbili, moja kila upande, kwa sababu wingu likipita mbele ya jua picha zako zitapepesa zikichezeshwa mfululizo. Katika kamera, zuia mwanga na fokasi visijibadilishe vyenyewe. Vaa nguo nyeusi, maana shati jeupe hurudisha mwanga mezani. Umeme ukikatika katikati, usisogeze chochote mpaka urudi.

Maliza onyesho moja la sekunde kumi kabla ya kuanza la pili, uwaonyeshe watoto watatu wanne wa mtaani bila kuwaeleza lolote. Wakiuliza "huyu nani?", mrudie Fisi wako umchore upya.